Moto Unazaliwa Wapi? Gesi, Koili na Indaksheni Jikoni Mwetu

Siku kumi kabla ya Ramadhani, nilimpelekea shangazi yangu wa Langoni, Lamu, jiko la umeme la kioo ambalo nililinunua katika duka moja hapa Malindi. Nilisafiri nalo kwa basi hadi Mokowe, likavuka maji kwa boti, na jioni hiyo hiyo tukaliweka jikoni kwake, ambako ni juu kabisa ya nyumba, chini ya paa la makuti, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kale za mji ule. Shangazi aliteleka sufuria ya alumini yenye maji ya chai, akabonyeza kitufe. Jiko lilipiga mlio mara tatu, likaandika herufi E kwenye kioo, likanyamaza. Tulijaribu tena, likafanya vile vile. “Mwanangu,” aliniambia, “hili limekufa kabla halijaishi.” Ndipo nikachukua chuma chake cha chapati, kile kizito cheusi alichorithi kwa mamake, nikakiweka juu ya kioo. Haikupita dakika moja, tone la maji nililodondosha juu yake likawa linarukaruka na kukauka. Jiko lilikuwa zima. Sufuria ndiyo iliyokuwa haipatani nalo.

Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba jiko lile hupokea sufuria ya aina yoyote. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akichanganya majiko mawili yanayofanana sura lakini yasiyofanana kabisa kwa utendaji, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisikia mkanganyiko huo huo kila mahali: barazani, sokoni, na katika mazungumzo ya akina mama wanaojiuliza kama ni wakati wa kuachana na mtungi wa gesi. Mazungumzo haya yamepamba moto kwa sababu zinazojulikana. Bei ya gesi imepanda na kushuka pamoja na kodi: mwaka 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mwaka 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Wakati huo huo, Kenya Power imekuwa ikiwahimiza wateja wake kupika kwa umeme kupitia kampeni yake ya Pika na Power, na mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa upishi wa umeme. Mtu anaambiwa “pika kwa umeme”, lakini haelezwi kwamba chini ya jina hilo moja kuna majiko yasiyo ndugu.

Kwa hiyo tuanze na majina. Jiko la gesi linajulikana: mtungi wa kilo 3, 6 au 13, reguleta, mpira, na bana inayotoa mwali. Jiko la koili ni lile la umeme lenye waya uliozungushwa, ambao hupata moto na kuwa mwekundu. Koili yenyewe huenda ikawa wazi, imelazwa katika mifereji ya sahani ya udongo, au ikafichwa ndani ya bomba la chuma au chini ya sahani nzito ya chuma. Jiko la indaksheni lina uso wa kioo laini, halina waya unaowaka wala mwali, na likiwashwa bila sufuria halitoi joto lolote. Kisha liko jiko la nne, ambalo ndilo chanzo cha vurugu nyingi madukani, nalo ni lile la kioo linaloitwa infraredi. Kwa sura ni pacha wa indaksheni, lakini chini ya kioo chake kuna waya unaowaka mwekundu. Kwa hakika ni koili iliyovishwa kioo. Hilo ndilo linalopokea sufuria yoyote. Namna rahisi ya kuwatofautisha pacha hawa ni kumwomba muuzaji aliwashe: likiwa linang'aa wekundu chini ya kioo, si indaksheni, hata sanduku liandikwe nini.

Ukitaka kuyaelewa majiko yote haya bila kukariri kitu, jiulize swali moja tu: moto unazaliwa wapi? Karibu kila tofauti baina yao, ya gharama, ya sufuria, ya usalama, hata ya ladha ya wali, inatoka katika jibu la swali hilo.

Katika jiko la gesi, joto huzaliwa hewani, chini ya sufuria. Mwali hupasha hewa, hewa ile moto hupanda, ikagusa kitako cha sufuria kwa kitambo kidogo, kisha ikateleza pembeni na kwenda zake. Ndiyo maana mpini wa sufuria huunguza na mpishi hutokwa jasho. Joto lile linalokupiga usoni umelilipia, nalo halikupika chochote. Kwa makadirio ya kawaida, katika kila sehemu 100 za joto la gesi, sehemu 40 hadi 50 hivi ndizo zinazoingia ndani ya chakula.

Katika jiko la koili, joto huzaliwa ndani ya waya, aghalabu wa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao huupinga umeme unaopita ndani yake na kwa kupinga huko hupata moto. Kisha joto huhama kutoka kwa waya kwenda kwa sufuria kwa kugusana, na kiasi kingine kwa mnururisho, yaani joto linalosafiri bila kugusana. Ni kama mtu aliyekalia baraza ya mawe iliyochomwa na jua tangu asubuhi: pale mwili unapogusa jiwe, joto hupita, penye nafasi, hupita kidogo. Kwa hiyo sufuria yenye kitako kilichobonyea, kama zilivyo nyingi baada ya miaka miwili ya kugongwa na mwiko, hupoteza mengi juu ya koili. Yenye kitako bapa hupata takriban sehemu 70 hadi 75 katika 100.

Indaksheni ni habari nyingine. Hapo joto huzaliwa ndani ya sufuria yenyewe. Chini ya kioo pamelazwa waya wa shaba uliozungushwa mithili ya mkeka wa duara, na umeme hupitishwa humo ukienda na kurudi zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, ilhali umeme wa nyumbani huenda na kurudi mara 50 tu. Umeme unaogeuka hivyo huzaa nguvu ya sumaku inayogeuka pia, na nguvu hiyo ikipita katika chuma huamsha mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma hicho. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday nchini Uingereza mwaka 1831, na ndiyo inayoendesha jenereta na transfoma hadi leo. Sugua viganja vyako kwa nguvu: joto unalolihisi halikutoka nje, limezaliwa hapo hapo penye msuguano. Hivyo ndivyo kitako cha sufuria kinavyopata moto, na takriban sehemu 85 katika 100 za umeme uliotumika huishia ndani ya chakula.

Sasa twaweza kuielewa sufuria ya shangazi. Alumini hupitisha umeme vizuri sana, na hapo ndipo tatizo lilipo. Fikiria kichochoro cha mtaa wa Mkomani, Lamu, saa nane za mchana, hakuna mtu. Ukipita humo husuguani na yeyote. Fikiria kichochoro hicho hicho siku ya Maulidi, watu bega kwa bega. Utavuka, lakini utafika umelowa jasho. Katika alumini, ile mikondo midogo hupita kama katika kichochoro kitupu, bila msuguano wa kutosha kuzaa joto. Chuma kinachonaswa na sumaku huibana mikondo hiyo katika utando mwembamba wa kitako chake, ikasongamana na kusuguana, na joto likapatikana. Jiko likihisi kwamba juu yake hapana chuma cha namna hiyo, hujizima na kupiga mlio. Haikuwa hitilafu, ndivyo lilivyoundwa.

Kipimo cha sufuria, basi, ni sumaku. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji, uiguse chini ya kitako. Ikishika sawasawa, sufuria itafaa. Chuma cha kusubu hufaa, vyombo vya enameli kwa kawaida hufaa, na chuma cha pua wakati mwingine hufaa na wakati mwingine hakifai, kwa kuwa kiko cha aina nyingi. Alumini, shaba na chungu cha udongo havifai. Kuna sufuria za alumini zilizobandikwa bamba la chuma chini, nazo hufanya kazi. Wauzaji wengine hutoa sahani ya chuma ya kuweka baina ya kioo na sufuria ya alumini, na wanunuzi hudhani wamepata ufumbuzi. Lakini ukiweka sahani ile, joto linazaliwa ndani ya sahani, si ndani ya sufuria, na jiko lako la indaksheni limegeuka kuwa koili ya bei ghali, tena likiwa katika hatari ya kupata joto kuliko lilivyokusudiwa. Sishauri mtu aitumie.

Hesabu ya shilingi

“Umeme ni ghali” ni kauli niliyoisikia tangu utotoni, na kwa Lamu ilikuwa na mizizi yake, kwa maana kabla ya kufika ile laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, kisiwa kiliwashwa na jenereta za dizeli, na watu waliuona umeme kama kitu cha taa na redio. Lakini gharama ya kupika haijulikani kwa kuitazama bei ya uniti peke yake, kama vile huwezi kujua bei ya samaki kwa kuuliza bei ya petroli ya boti. Linalotakiwa ni kujua kiasi gani cha nishati kinaingia ndani ya sufuria.

Tuchukue lita mbili za maji ya chai, yanayoanza kwenye nyuzi 28 za selsiasi, joto la kawaida la maji ya pwani, hadi yachemke kwenye nyuzi 100. Maji hayo huhitaji takriban uniti 0.17 za joto ndani ya sufuria (uniti ni ile ile ya tokeni za umeme, yaani kilowati-saa moja), hata upike kwa nini. Kwa kuwa kila jiko hupoteza kiasi chake, indaksheni itavuta uniti 0.20 hivi, koili 0.24, na gesi itaunguza takriban gramu 29. Kwa muda, indaksheni ya wati 2000 huyachemsha kwa dakika sita, koili ya wati 1500 kwa dakika kumi, na bana ya kawaida ya gesi kwa dakika tisa au kumi pasipo na upepo.

Kwa wale wasiopenda desimali, hesabu ile ile yaweza kusemwa kwa mtungi mzima. Kilo moja ya gesi ina nishati ya takriban uniti 12.8. Mtungi wa kilo 6, ukiondoa joto linalopotea, hufanya kazi sawa na uniti 41 za umeme katika jiko la indaksheni, au uniti 49 katika koili. Mtungi wa kilo 13 ni sawa na uniti 89 za indaksheni au 106 za koili. Basi fanya hivi: tazama ujumbe wa tokeni zako za mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa, kodi na makato yote yakiwemo, upate bei halisi ya uniti moja. Izidishe kwa 41. Ikiwa jawabu ni dogo kuliko bei unayojazia mtungi wa kilo 6 hadi ukufikie mlangoni, indaksheni ni nafuu kwako. Kwa mfano, mtu ambaye uniti humtokea kwa shilingi 28 atapata 1,148 kwa indaksheni na 1,372 kwa koili. Aliye Malindi mjini, anayechukua mtungi dukani kwa mguu, huenda akaona tofauti ni ndogo. Aliye Lamu, ambaye mtungi wake umepanda lori hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, ukapandishwa mgongoni mwa punda, hesabu yake huenda ikawa nyingine kabisa, kwa kuwa kila mkono uliougusa mtungi ule umelipwa, ilhali umeme hauna nauli ya boti.

Pana jambo moja ambalo watu hawaambiwi. Bei ya umeme wa nyumbani nchini Kenya imepangwa kwa madaraja: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini, wanaozidi 30 hadi 100 hulipa zaidi, na wanaopita 100 hulipa zaidi ya hapo. Nyumba ya taa nne, televisheni na feni huenda ikawa daraja la kwanza. Ukiongeza jiko, wastani wa matumizi yako utapanda, na utakapohamishwa daraja bei mpya haitagusa uniti za jiko tu, itagusa hata za taa. Kwa hiyo, anayeishi na uniti 25 kwa mwezi asifanye hesabu yake kwa bei anayolipa leo, aifanye kwa bei ya daraja litakalofuata. Nimewaona watu waliolilaumu jiko kwa kosa la daraja.

Upepo nao ni sehemu ya hesabu, japo hauandikwi kwenye risiti. Jiko la shangazi liko juu, na miezi ya kusi upepo unapita chini ya makuti toka upande wa bahari bila kizuizi. Nimesimama hapo nikautazama mwali wa gesi ukilala kando kama nyasi, ukilamba hewa tupu, sufuria ikiwa nusu tu imeguswa. Shangazi huzungushia bana vipande vya bati la debe la mafuta, na bado chai huchelewa. Indaksheni haina cha kupeperushwa.

Usalama, na hofu zilizokosewa

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, ikaua watu na kuteketeza nyumba, na hofu ya mitungi ikaenea hadi kwetu. Ni vyema ikaeleweka kwamba lile lilikuwa eneo la kujazia gesi ambalo mamlaka ya nishati, EPRA, ilisema halikuwa na kibali. Halikuwa jiko la mtu. Mtungi wa nyumbani uliojazwa na kampuni halali una vali ya usalama na haulipuki wenyewe kwa kukaa tu. Ajali za jikoni aghalabu huanza kwa gesi kuvuja kwenye mpira uliokauka au reguleta iliyolegea, kisha mtu akawasha kiberiti.

Gesi hii, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi, hushuka sakafuni na kutuama kama maji. Katika nyumba zetu za mawe zenye kuta nene na madirisha machache, mtungi uliofichwa pembeni mwa chumba cha chini ni hatari kuliko ulio mahali penye upepo, ambapo uvujaji mdogo hutawanyika. Harufu ile mbaya si ya gesi yenyewe, kwani gesi haina harufu. Ni kemikali iliyotiwa makusudi ili pua ikuonye. Ukiisikia, funga mtungi, fungua milango, wala usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Kutafuta panapovuja, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yatavimba penye tundu. Chumvi ya bahari hula reguleta upesi, hivyo kagua mara nyingi kuliko anavyokagua mtu wa bara. Na ile tabia ya kulaza mtungi au kuutumbukiza katika maji moto ili kukamua gesi ya mwisho iachwe kabisa: ukiulaza, gesi iliyo maji hupita kwenye reguleta, na mwali hutoka mrefu ghafla mbele ya uso wa mpishi.

Mwali wa gesi unapaswa kuwa wa buluu. Ukiwa wa manjano na unaacha masizi, hewa haitoshi, na gesi ya sumu ya kabonimonoksidi yaweza kutoka. Hata mwali mzuri hutoa dioksidi ya nitrojeni, ambayo huwasumbua wenye pumu. Dirisha liwe wazi. Hata hivyo, nisieleweke kwamba gesi ni adui. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani, hasa wa kuni, makaa na mafuta ya taa, ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Aliyetoka kwenye kuni za mikoko akaingia kwenye gesi amekwisha kupiga hatua kubwa kwa ajili ya mapafu yake na ya watoto wake, kubwa kuliko hatua ya kutoka gesi kwenda umeme.

Koili iliyo wazi ndiyo ninayoihofia zaidi katika majiko yote ya umeme. Waya ule uko hai. Uji ukifurika, au upawa wa chuma ukigusa waya wakati mpishi amesimama pekupeku juu ya sakafu yenye maji, umeme humpiga. Aliye nayo na aibadilishe, hata kama bado inawaka.

Kuhusu indaksheni, hofu kubwa ni ya “mionzi”. Nguvu ya sumaku ya jiko hili si mionzi ya aina inayovunja chembe za mwili kama eksirei, na hufifia upesi sana ukisogea hatua moja. Tahadhari ya kweli ni kwa mwenye kifaa kilichopandikizwa kifuani cha kuongoza mapigo ya moyo: shirika la British Heart Foundation linashauri akae umbali wa sentimita 60 au zaidi kutoka kwenye jiko linalofanya kazi. Kwa wengine wote, hatari iliyopo ni ya waya za nyumba. Jiko la wati 2000 huvuta ampea 8.3 kwa volti 240. Plagi yetu ya pini tatu imewekewa kikomo cha ampea 13. Ukichomeka majiko mawili kwenye ekstensheni moja umezidisha, na ekstensheni nyingi za bei rahisi haziwezi kubeba hata ampea 13 kwa saa nzima. Ukiigusa plagi ukaikuta moto, acha kupika, mwite fundi. Chini ya paa la makuti, soketi inayoungua si jambo la kuahirisha hadi kesho.

Watu huambiwa pia kwamba kioo cha indaksheni hubaki baridi. Si kweli. Kioo hakijipashi, lakini sufuria yenye moto hukirudishia joto lake, na kitaunguza kidole cha mtoto kwa dakika kadhaa baada ya sufuria kuondolewa.

Na wali je?

Hili ndilo swali ambalo wapishi wetu hulitanguliza, nami naona wana haki. Jiko lisiloweza kupika chakula cha nyumba hiyo halina unafuu wowote.

Wali wa nazi wa kikwetu hupaliwa: maji yakikauka, makaa hupunguzwa chini na mengine huwekwa juu ya mfuniko, ili joto lishuke na kupanda, punje zikauke bila kuungua. Mkate wa sinia nao huiva hivyo hivyo. Gesi, koili na indaksheni zote hupika kutoka chini tu, kwa hiyo si kweli kwamba umeme “unaharibu” wali ilhali gesi haiuharibu; zote mbili hukosa makaa ya juu. Anayepika wali juu ya gesi huujua ujanja wa kupunguza mwali hadi uwe mdogo kabisa, kufunika kwa mfuniko mzito na kuacha mvuke ufanye kazi ya makaa. Juu ya koili mtu akumbuke kwamba sahani hubaki na moto hata baada ya kuzimwa, hivyo azime mapema, dakika tano kabla ya wali kuiva, na joto lililobaki litaukausha vizuri ajabu. Kwa kweli, kwa wali peke yake, koili ya sahani nzito ni bora kuliko sifa yake.

Indaksheni hutii mara moja, kama gesi, ukiongeza au kupunguza. Lakini yale ya bei rahisi yana aibu moja: hayajui kupika kwa moto mdogo wa mfululizo. Ukiyaweka kwenye wati 300, huwaka kwa nguvu kwa sekunde chache, yakazima, yakawaka tena. Kwa maharagwe haidhuru. Kwa tui zito la nazi hudhuru, kwa sababu kila yanapowaka tui huchemka kwa ghafla kitakoni, na tui likichemka bila kukorogwa hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Mchuzi wa samaki alioujaribu shangazi siku ya pili ulikatika hivyo. Siku ya tatu alitumia chombo kizito chenye kitako kinene, ambacho hushika joto baina ya kuwaka na kuzima, akakoroga bila kusimama, na tui likakaa sawa.

Mahamri na bajia huhitaji karai, na karai lenye kitako cha mviringo halikai juu ya kioo wala halipati moto vya kutosha hapo. Kazi hiyo ni ya mwali. Samaki wa kupaka anataka moto wa wazi na makaa, na hakuna kioo kitakachompa harufu ile, kwa kuwa harufu ile ni ya moshi wa mafuta na tui vinavyodondoka juu ya kaa. Kwa upande mwingine, chapati juu ya chuma cha kusubu na indaksheni hutoka zimeiva sawasawa kuliko juu ya bana ndogo ya gesi, ambayo huunguza katikati na kuacha kingo mbichi.

Mtu akiniuliza achague lipi, humjibu kwamba asiviuze vyombo vyake vya zamani. Umeme hukatika. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ililala gizani, na kwa Lamu na Malindi kukatikiwa si habari ya mara moja kwa mwaka. Nyumba inayotegemea kioo peke yake italala na mchele mbichi. Mwenye sufuria za alumini kumi na familia ya watu wanane ana sababu nzuri ya kubaki na gesi kwa chakula kikuu, na akiongeza indaksheni moja ndogo kwa chai, uji, mayai na chapati, mtungi wake utachukua wiki kadhaa zaidi kabla ya kwisha. Anayeishi peke yake katika chumba kimoja cha ghorofani, asiyepika mahamri, aweza kutegemea indaksheni bila gesi kabisa, mradi aweke akiba ya mkate. Jiko la infraredi nalinunulia mtu mmoja tu: yule asiyeweza kubadilisha sufuria zake na asiyetaka mtungi ndani ya nyumba, akijua kwamba atalipa bei ya koili. Na yeyote anayenunua la kioo, la aina yoyote ile, aende dukani na sufuria yake mkononi.

Shangazi bado hupika wali wa Ijumaa kwa makaa na vifuu, juu na chini, wala sijathubutu kumwambia vinginevyo. Gesi ni ya karai na ya mchuzi. Daku, wakati nyumba nzima imelala na kusi haijaanza, huchemsha chai kwa indaksheni, katika birika ya chuma ambayo niliigusisha sumaku ya mlango wa friji mbele ya muuzaji, kabla sijaitolea pesa.